Kola Tatu na Nusu

Jina la mtu likitajwa redioni, Shakira husimamisha cherehani. Alikuwa na miaka tisa mwaka ule wa mauaji, redio iliposoma majina ya watu wa kuuawa, asubuhi hadi jioni, na waliosomwa hawakupewa hata pumzi moja ya kujibu. Wapo wanaosema yamepita, tuyaache. Yamepita kwa nani? Mtoto aliyesikia jina la baba yake likitoka kwenye kisanduku cha betri hasahau kwamba kisanduku kile kilikuwa na mdomo, sikio hakikuwa nalo.

Sasa Jumanne moja, kwenye kipindi cha asubuhi cha Kiswahili cha Redio Kilele, jina lililotajwa lilikuwa lake.

"Pale Rwezamenyo kuna fundi anaitwa Shakira," alisema Bruce, mtangazaji mwenye kicheko cha kukodi. "Sare zake, sha! Mtoto akipiga goti kusali, suruali inasema amina kabla yake!"

Akaendelea. Kitambaa kibovu, uzi uliooza, wazazi wanaibiwa mchana kweupe. Alipomaliza, likaingia papo hapo tangazo la duka linaloleta sare kutoka nje. Kumbe! Kabla ya adhuhuri shule mbili zilikuwa zimefuta oda. Shakira hakulia. Alijifunga kitambaa kichwani akapanda hadi Gisimenti, ziliko ofisi za redio, akamkuta meneja, Johnson, mtu mpole kama wote wanaokunyima kitu.

"Mama, tutakupa nafasi ya kujibu. Dakika moja, saa kumi na moja alfajiri. Lakini turekodi kwanza, tukate kidogo."

"Ukate nini? Hapa fundi wa kukata ni mimi."

Akapeleka shauri kwenye kamati ya malalamiko ya utangazaji, kule Kicukiro. Kanuni ya utangazaji alikuwa ameisoma mwenyewe, karatasi za fotokopi zilizopata madoa ya pasi, kidole chini ya kila neno. Wakili hakuwa naye, na shule aliishia darasa la tano. Lakini maneno yaliandikwa wazi: aliyeguswa hewani atajibu hewani, saa ileile, kwa urefu uleule. Saa ileile, si alfajiri wakati wasikilizaji ni walinzi na majogoo.

Siku ya shauri, Johnson alikuja na Bruce, na habari ya kusikitisha. "Rekodi ya siku ile hatuna. Kompyuta iliungua. Lakini Bruce alimtaja dakika moja tu, basi."

Bruce alitazama viatu vyake.

Mwenyekiti wa kamati, Mukasine, mama wa miwani asiyependa maneno mengi, akamgeukia Shakira. "Mama, una ushahidi gani kwamba ilizidi dakika moja?"

Shakira akafungua mkoba, akapanga mezani kola tatu nyeupe za mashati ya shule, kisha ya nne, iliyoshonwa upande mmoja, uzi bado unaning'inia.

"Aliponitaja nilisimama. Nikajiambia, Shakira, ukisimama huyu amekushinda. Nikaanza kola mpya, hii ya kwanza. Anatukana, nashona. Alipofika mwisho nilikuwa hapa, kwenye nusu ya nne, na sijaigusa tena mpaka leo. Kola moja kwangu ni dakika nne. Kwa hiyo alinisema dakika kumi na nne."

Johnson akacheka hadi akashika tai. "Sasa kola imekuwa saa?"

"Saa yenu imeungua. Yangu haiungui."

Mukasine hakucheka. "Basi ishonwe hapa tupime."

Cherehani ilikuwa mlangoni tayari. Shakira alikuwa ameileta kwa pikapu ya jirani. Johnson alipoiona akaruka. "Hapana, madamu! Huyu atajivuta makusudi. Ashone fundi wangu. Gisa, iko hapo Gisimenti, ananishonea suti miaka sita. Yule haraka yake ni kama mashine!"

"Mama, unakubali?" Mukasine akamuuliza Shakira.

"Namkubali. Fundi ni fundi."

Gisa alifika kwa pikipiki, futi ya kupimia bado shingoni, kama mgeni asiyejua harusi ni ya nani. Akapewa kitambaa, akaambiwa ashone kola tatu na nusu kama anavyoshona siku zote. Mukasine akaweka simu mezani, ikaanza kuhesabu.

Gisa akaunga vipande. Akapunguza kingo. Akaitoa nje ncha ya kola kwa sindano, akailainisha kwa ukucha, akaitazama, akaitoa tena.

"Gisa, fanya haraka!" Johnson akanong'ona kwa nguvu.

"Bosi, kola haiko chapati. Hata hiyo uliyovaa nilikaa nayo."

Alipofika nusu ya kola ya nne, Mukasine akasoma simu. "Dakika kumi na tisa."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Johnson akafunga kifungo cha koti, akakifungua. Na Gisa, asiyejua alichofanya, akaokota kola moja ya Shakira, akaivuta kwa mikono miwili, akaikagua dirishani. "Hii kashona nani? Uzi huu hata ng'ombe akivuta haukatiki."

"Redio Kilele imeleta kipimo chake yenyewe," alisema Mukasine. "Jibu litakuwa dakika kumi na tisa."

Shakira akasimama. "Hapana, madamu. Tano za juu ni za Gisa. Mimi nilisema kumi na nne. Sichukui kisicho changu."

Mukasine akavua miwani, akaandika: dakika kumi na nne, Jumanne, saa ya kipindi kilekile, moja kwa moja, pasipo mkono wa mtu kugusa kitufe. Na tangazo la kulipiwa lisivalishwe nguo za habari. Likirudiwa, leseni italetwa mezani.

Jumanne hiyo mafundi wa Rwezamenyo walinyamazisha cherehani zote, redio zikawekwa milangoni. Ndani ya studio Shakira akasema. Akataja duka lililolipia matangazo. Akataja uzi wake na bei ya kitambaa chake, akaita kila mzazi aje avute kola kwa mikono yake. Kwenye dakika ya kumi na mbili akatazama saa ya ukutani.

"Nimebakiza dakika mbili. Bruce, nimekutaja jina lako, na anayetajwa lazima ajibu. Kaa hapa."

Bruce akakaa. Kicheko cha kukodi hakikuja. "Nililetewa karatasi ya duka lile nikasoma," alisema. "Sare zake sijawahi hata kuzigusa. Nisamehe, mama."

Mtaani vikapanda vigelegele, kisha cherehani arobaini zikaanguruma kwa pamoja. Shakira aliporudi alikuta walimu wakuu wa zile shule mbili wamekaa kwenye benchi lake, oda mkononi.

"Karibuni, ngojeni kidogo," aliwaambia, akavuta kiti. Kulikuwa na nusu ya kola ya kumaliza kwanza.