Mizizi Chini ya Benchi la Ofisi ya Vizazi

Fundi aliandika amri ile ile kwa mara ya nne, akasoma jibu polepole. Linux, mfumo ulioendesha kompyuta ile, iliiona kadi ya Wi-Fi, ikaitaja hadi namba yake, lakini haikuwa na kiendeshi, programu ya kuifanyisha kazi. Cha zamani kilikuwa kimekataa tangu mfumo uliposasishwa Jumatatu. Kipya kilikuwa mtandaoni, na mtandao ulihitaji kadi.

"Niruhusu nikilete kwa flashi, mkuu."

"Waraka wangu unakataza flashi," alisema mkuu wa ofisi. "Omba kibali kwa barua pepe."

"Kwa kompyuta ipi?"

"Si hiyo uliyoikalia?"

"Ufunguo umo sandukuni, na sanduku limefungwa," alisema mshonaji kutoka kwenye benchi.

Mshonaji alikuwa pale tangu Jumatatu, akisubiri cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Bila cheti, binti hasajiliwi kufanya mtihani, na usajili ulikuwa unafungwa kesho saa sita mchana. Jumanne nyayo zake ziliota mizizi. Jumatano mizizi ikapenya kati ya vigae. Mfagizi aliizungushia dekio kwa uangalifu. Mkuu aliandika kwenye ripoti ya wiki kwamba wateja wametulia.

"Huko chini kukoje, mama?" fundi aliuliza.

"Baridi tu. Ila mguu wa kushoto umeshika kitu kama kamba."

Fundi alipiga magoti. Mzizi ulikuwa umeinua kigae kimoja na kujiviringisha kwenye waya wa mtandao, wa buluu, uliofukiwa ofisi ilipokarabatiwa. Aliifuta ncha ya waya kwa shati, akaichomeka nyuma ya kompyuta. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kiendeshi kikaanza kupakuliwa.

"Hata kiendeshi tungeweza kukiacha," fundi alisema. "Cheti kinatoka kwa waya huu huu, sasa hivi."

Mkuu alivaa miwani.

"Ofisi hii ilizinduliwa kama ofisi isiyo na waya. Mgeni rasmi alikata utepe, na kibao kiko mlangoni. Unataka nikang'oe kibao?"

"Nataka cheti cha mtoto," alisema mshonaji.

"Mama, usiingilie mambo ya kitaalamu."

Mkuu aliinama, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote, akachomoa waya. Upakuaji ulikuwa umefika asilimia tisini na moja. Kisha akakirudisha kigae mahali pake, akakikanyaga mara mbili kwa kisigino.

Saa kumi binti alifika akiwa na sare ya shule. Alikaa kando ya mama yake, akaanza kulegeza kamba za viatu.

"Usivue," mama yake alimwambia. "Sakafu hii inashika."

Fundi alikunja karatasi ya amri zake, akaitia mfukoni.

"Kesho nakuja saa moja asubuhi, mama, kabla ya mkuu. Dakika kumi zinatosha."

"Ufunguo wa mlango anao yeye, mwanangu," alijibu mshonaji. "Na huwa anafungua saa sita mchana."