Unga Mweupe wa Kiangazi

Kiangazi kikiingia Mabatini, hakuna ua usio na kitu kinachokauka. Dagaa hutandazwa juu ya vyandarua chakavu, majani ya kunde kwenye nyungo, na michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya kila jiwe lililo tambarare. Nyumbani kwa Zadok, jiwe la nyuma ya nyumba lilikuwa mali ya mama yake, Amondi. Kila mwaka bibi huyu alikuja kutoka Mara na magunia yake, akalitawala jiwe lile pamoja na jiko zima, na wajukuu wakanenepa. Asubuhi chai na matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikaanikwa hadi utamu ukakolea. Mchana ugali wa udaga, ule unga wa mihogo, na dagaa wa karanga. Jioni michembe iliyopikwa kwa maziwa. Nani angelalamika?

Amondi mwenyewe hakuwahi kula kabla ya wengine. Alikaa pembeni, akangoja wote washibe, ndipo akakwangua sufuria. Ndivyo alivyolelewa, na ukimwambia aanze yeye alikuona huna adabu.

Mwaka huu mambo yalimwendea kombo. Alitia chumvi kwenye maharage, akasahau, akatia tena. Akamwita Evelina, mke wa Zadok, kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Siku moja alisimama mbele ya jiko la mkaa bila kukumbuka alitaka kupika nini, na machozi yalipomlenga akasingizia moshi. Juzi, akipita dirishani, alimsikia Evelina akimwambia mumewe, "Mama apumzike sasa. Jiko tumwachishe, kwa heshima tu."

Kwa heshima! Mwanamke aliyelisha ukoo mzima kwa jembe na chungu akae kwenye kochi kama mgeni, aletewe chai? Amondi aliumia hadi usingizi ukampaa. Akaapa kwamba hawatasikia kosa lake jingine.

Jumapili hiyo walirudi kanisani na njaa zao. Amondi akasonga ugali kwa unga ambao Evelina aliusagisha jana yake mashineni. Ulitokana na mihogo ya mwisho aliyokuja nayo Amondi, ile michungu ya shambani kwake.

"Mama, unga wa safari hii mweupe kweli!" Evelina alisema akiandaa sinia. "Kama sembe. Ule wa kwanza ulikuwa na weusi weusi."

Evelina alikulia mjini, kwa sembe ya dukani. Alisifu kwa nia njema kabisa.

Mkono wa Amondi ukasita kwenye mwiko. Akainama, akaunusa mvuke. Ile harufu ya uchachu haikuwepo.

Mihogo michungu haianikwi hivi hivi. Humenywa, ikarundikwa na kufunikwa magunia mpaka ilainike na kuota ukungu, ndipo ikakwanguliwa na kupelekwa juani. Huko ndiko kuivundika, na bila hivyo sumu haitoki. Kwao Amondi hata mtoto analijua hilo. Alikumbuka wazi akifunika magunia. Lakini ilikuwa mihogo hii, au ile ya kwanza? Akajaribu kuyaona magunia juu ya rundo la pili. Aliona jiwe tu, mihogo myeupe, na jua.

Sinia likawekwa mkekani, Zadok akaanza kuomba. Maombi yake ya Jumapili hayakuwa mafupi, na kwa mara ya kwanza mama yake alishukuru. Labda pua yangu imezeeka, alijiambia. Labda niliivundika. Nikisema, jiko limekwenda, na safari hii watakuwa na haki. Kisha akaikumbuka nyumba ya Ogweno, majirani zao kule kijijini mwaka ule wa njaa, waliokula mihogo isiyovundikwa kwa sababu hawakuweza kungoja. Mama na wanawe walizikwa pamoja. Na bado mdomo haukufunguka.

Rozina, mjukuu wa mwisho, hakuwa mtu wa kungoja amina. Alikwisha kumega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, linaelekea mdomoni. Amondi akaupiga ule mkono, tonge likaanguka mkekani. Mtoto akaangua kilio.

"Mama!" Zadok akafumbua macho. "Sasa mtoto unampigia nini?"

"Msile." Sauti ilimtoka nyembamba. "Mtu yeyote asile. Huo ugali mbaya."

"Mbaya vipi? Si umeusonga mwenyewe sasa hivi?"

"Nimeusonga mimi. Na mihogo niliianika mimi. Sikuivundika, Zadok. Nilisahau, baba. Nikadhani nimeivundika."

Zadok hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alimvuta Rozina, akamtia kidole mdomoni, akakagua hadi nyuma ya meno. Evelina akawatazama wote wawili, na jambo lilipomwingia akilini akabeba sinia nje. Unga wote uliobaki waliufukia shimoni. Mchana huo walikula matobolwa ya asubuhi, kila mtu na kipande chake.

Kesho yake Evelina alimjia na mwiko. "Mama, leo sembe. Wewe songa, mimi nikaange dagaa."

"Bado unaniamini?"

"Ungeweza kunyamaza, Mama. Hukunyamaza."

Amondi nusura alie kwa furaha. Alisonga kwa nguvu zake zote, ukaiva ukatulia. Wakatenga. Zadok akaomba kwa kifupi, akamega tonge, lakini tonge halikufika mdomoni. Alimtazama mkewe, mara moja tu, na Evelina akaitikia kwa kichwa. Walidhani bibi haoni.

Amondi akasogea kutoka pembeni. Akapitisha mkono katikati ya mikono yao, akamega tonge kubwa, akalitafuna taratibu mbele yao wote, akameza.

"Haya, kuleni," alisema.

Tangu siku hiyo akawa anakula wa kwanza.