Msiba wa md0

Oyugi alikuwa na studio ndogo ya kurekodi kwaya huko Mengo, na kila mteja aliyeingia lazima aonyeshwe seva yake, kompyuta ya kuhifadhia nyimbo.

"Hii ni Linux," alikuwa akisema kwa lafudhi yake ya Kisumu. "Nyimbo zinaandikwa kwenye diski mbili kwa pamoja. Moja ikifa, ya pili inaendelea. Kwangu hakupotei kitu."

Diski hizo mbili mashine ilizichukua kama moja, na hiyo moja Oyugi akaiita md0.

Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi. Seva ikawaka, lakini md0 haikuwapo. Oyugi akaandika amri, akajibiwa hakuna kitu kama hicho. Akaandika tena polepole, kama anayemsemesha mtoto mkaidi. Jibu lile lile.

Mle ndani mlikuwa na albamu nzima ya Kiacholi ya kwaya ya kambi ya polisi, ya kuzinduliwa Jumapili, na wenyewe walishafika mlangoni: Inspekta Lakica, kiongozi wa kwaya mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, na Nabwire, mwimbaji wao mkuu, aliyejifunika mdomo kwa leso. Juzi tu aling'olewa meno mawili ya mbele.

"Tumefuata nyimbo," Lakica akasema.

"Mama, keti kwanza."

"Nani amekufa?"

"Md0."

"Huyo ni nani? Shemeji yako?"

Oyugi akaeleza. Nabwire akatoa leso mdomoni, akaipeleka machoni. "Thatha nitaimbaje tena?"

Kilio kile kikamchanganya Oyugi. Akarudi kwenye kibodi, akaanza kuandika amri ya kuunda md0 mpya kwa diski zile zile. Kidole kilipokaribia kubonyeza, akili ikamrudia: kuunda upya kungeweza kufuta kila kitu. Akafuta amri ile. Badala yake akaiuliza mashine itaje diski zote ilizoziunganisha.

Ikataja muungano mmoja tu: md127. Diski mbili, zote nzima. Akaifungua, na nyimbo zote zikajipanga mbele yake.

"Zipo!" akapiga kelele. "Imebadilika jina tu!"

Lakica akamtazama. "Banange, Oyugi! Umetutangazia msiba, kumbe marehemu yuko chumba cha pili anakunywa chai."

"Nilipoweka mfumo mpya wa Linux, diski hizi niliziita md0 lakini sikuliandika jina kwenye faili la mipangilio. Seva ilipowaka upya haikulikuta, ikazipa jina ililotaka."

"Hujaandikisha mtoto, halafu unashangaa majirani wanamwita wanavyotaka."

Kabla ya lolote lingine Oyugi akanakili nyimbo kwenye diski ndogo ya nje, kisha akaandika utambulisho wa md0 panapostahili. "Sasa tazameni," akasema, akaizima seva na kuiwasha kwa madaha.

Ikaja md127.

Lakica alicheka hadi akashika ukuta. Nabwire naye, machozi hayajakauka. Oyugi akajikuna kichwa, akasoma, akasoma tena, mwisho akajipiga paji la uso. Seva inapoamka hutumia nakala yake ndogo ya mipangilio, na nakala hiyo ilikuwa bado ya zamani. Akaagiza itengenezwe upya, akawasha seva mara nyingine. Safari hii hakuwaita watazame.

Md0.

Akashusha pumzi, akamkabidhi Lakica ile diski ya nje. "Kaa nayo, Mama. Nyimbo zisilale kwangu peke yake."

"Si ulisema kwako hakupotei kitu?"

"Hakupotei. Ila kitu kinaweza kutafutwa kidogo."

Lakica akaitia diski mkobani, akamwalika uzinduzini. Akamwonya aje na sauti yake, maana besi mmoja kahamishiwa Gulu, na mtu aliyewaliza wanawake asubuhi hawezi kukaa viti vya wageni.

Jumapili Oyugi alisimama mstari wa nyuma, shati limenyooshwa, akiimba Kiacholi alichokielewa nusu tu.