Pine Nyembamba ya Njia ya Kabambare

Kasimu alipiga simu alfajiri, kabla sijawasha makaa. Kaka yangu hajui kuzungusha maneno. Alisema, "Dada, Baba ametuacha," kisha akaweka simu kando, nikasikia wanawake wa kwetu wakilia nyuma yake.

Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imekauka. "Tunamuzika baada ya sala ya alasiri. Unajua dini yetu, maiti haingoji. Nitaomba wasimufunike uso mpaka ufike. Lakini ufike mbele ya alasiri, Dada. Baada ya pale siwezi tena."

Wakati wa kiangazi, pikipiki yenye dereva mzuri inakutoa Kasongo na kukufikisha Kabambare jua likiwa bado juu. Mimi ningeondoka saa ile ile, mtoto wangu Aimée kifuani, kanga juu yake kwa ajili ya vumbi. Lakini mume wangu yuko kwenye machimbo ya Salamabila, na simu yake haikupatikana. Kwa hiyo aliyeamua ni mama yake, Marie-Thérèse, ambaye tunakaa kwake.

"Pikipiki hapana," alisema. "Mukwe anaenda kwa matanga mikono mitupu? Siku ya ndoa yenu watu wa kwenu walisema mbuzi zetu za mahari zimekonda. Walisema! Nilisikia na masikio yangu haya. Leo hawatapata kitu cha kusema."

Kwetu ni hivyo. Msiba ukiingia kwa wakwe, unakwenda na chakula cha kuwalisha wanaolia, na kuna macho barabarani yanayotazama nani ameshuka na nini. Basi akaitwa Dominique, mtoto wa dada yake, mwenye gari dogo la kizee. Wakapakia magunia mawili ya mchele, bidoni za mafuta ya mawese, chumvi, sukari, na sufuria kubwa ya kuazima kwa jirani. Kofre, sanduku la nyuma ya gari, ilikataa kufunga, wakaifunga kwa kamba. Mama mukwe alikaa mbele na Dominique; mimi nilikaa nyuma na Aimée, miguu juu ya bidoni. Jua lilikuwa bado chini. Nilijiambia, tutafika.

Tulikuwa tumekwenda nusu ya njia pine ya gurudumu la mbele ilipopasuka kwenye mawe. Gari likavuta upande, Dominique akalishikilia mpaka likasimama, pua ndani ya majani. Alishuka, akainama, akaipiga teke.

"Imechanika ubavuni," alisema. "Hii hakuna fundi wa kuiziba."

Pine ya akiba ilikuwa ndani ya kofre, chini kabisa, na juu yake mchele wote. Tulishusha kila kitu kwenye majani. Alipoitoa, mama mukwe alicheka, ingawa ilikuwa siku ya msiba.

"Dominique, hii uliiba kwa baisikeli ya nani?"

Ni kweli, ilikuwa nyembamba, nusu ya wenzake.

"Imezaliwa hivyo, Mama. Ni ya muda tu, ya kukufikisha kwa fundi. Haipendi mbio, haipendi muzigo."

Akaibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia. Tangu anunue gari hakuwahi kuijaza upepo. Tulingoja mpaka akapita mtu wa baisikeli, bidoni zake za mawese zimening'inia pande zote mbili. Yeye alikuwa na pampu.

"Ee, wakubwa wa gari!" alituambia. "Leo munaomba baisikeli?"

Lakini alisimama, akasaidia. Walipokezana, yeye na Dominique, mashati yakalowa. Kisha Dominique akasema pine hiyo haifai mbele, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Akang'oa nzima ya nyuma akaipeleka mbele, nyembamba akaiweka nyuma. Kazi mara mbili. Mimi nilikuwa natazama kivuli changu kikifupika, mpaka kikawa chini ya miguu yangu.

"Sasa Mama," Dominique alisema, "muzigo ubaki. Ukipakiwa nyuma utalalia pine ile ile. Tuuache kwa nyumba ile pale, nitaurudia kesho."

"Nishuke Kabambare na mukoba peke yake?"

"Mama, haitabeba."

"Itabeba! Mutapita polepole."

Dominique akanigeukia. "Mama Aimée, baba ni wako. Unasema je?"

Wote walinitazama, hata yule wa baisikeli. Akilini niliona uso wa baba yangu, sanda imewekwa pembeni, na Kasimu akizuia mikono ya watu. Nikafungua mdomo. Mama mukwe alikuwa ameshika pembe ya gunia kama mtu anayemshika mtoto asianguke.

"Mama ndiye mukubwa," nikasema.

Tukapakia tena.

Kwenda polepole si kwenda. Gari lilikuwa limelala upande mmoja kama mtu mwenye jipu kiunoni. Kila shimo Dominique alisimama, akashuka, akatazama nyuma, akapanda. Kasimu alipiga. "Muko wapi?" Nikasema karibu. Hakukuwa na karibu yoyote pale, ni nyasi tu na moshi wa mashamba. Halafu mtandao ukakatika, na nilishukuru, kwa sababu sikuwa na uongo mwingine.

Kwenye mpando wa mchanga tulisikia chuma kikisaga. Dominique alipiga magoti nyuma ya gari. Pine ilikuwa imelegea tena, na nyuzi zake zimeanza kutoka. Mama mukwe alishuka. Aliitazama pine. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu aliyenikuta pale kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Shusha," alimwambia Dominique.

Kulikuwa na nyumba moja kando ya njia, mwanamke anaanika mihogo. Wakaweka mchele ukutani kwake, na bidoni, na sufuria. Dominique akaazima pampu nyingine hapo, akajaza. Nilipomfungulia mama mukwe mlango, alikuwa ameshakaa juu ya gunia.

"Na mimi niko muzigo," alisema. "Mwili huu ni gunia la tatu. Muende. Muende, mutoto wangu, baba yako anangoja."

Tulikwenda. Gari likawa jepesi, na pine ile, Mungu anajua, ilivumilia. Lakini jua lilikuwa limeshakuwa la manjano.

Tulikutana nao wakirudi kutoka makaburini. Wanaume, majembe begani, udongo mpaka magotini. Kasimu alikuwa mbele. Alikuja dirishani akaweka mkono juu ya kichwa cha Aimée.

"Nilisimama pale, Dada. Niliomba, nikaomba tena. Shehe akasema jua linakwenda. Nikamufunika mimi mwenyewe. Sikuacha mutu mwingine amufunike."

Ndani ya nyumba ya Baba, wanawake walinisogezea nafasi kwenye mkeka. Shangazi Faida alinikalisha ubavuni pake. Sakafu ya chumba walichomwoshea ilikuwa bado na maji.

"Alikuwa je?" nikamwuliza.

"Alikonda. Kidevu tulikifunga na kitambaa. Jicho moja lilikataa kufumba, nikalishika mpaka likakubali." Akanishika mkono. "Ungemuona ungelia sana, mwanangu."

"Nilikuja kulia, Shangazi."

Alinivuta kichwa begani kwake. Aimée alinyonya huku nikilia, akanitazama kwa jicho moja, akaendelea.

Nje nilisikia mama mmoja akiuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Wakwe wa Kasongo ndio hawa? Wameleta mutoto tu?" Mwingine akacheka kidogo, kicheko cha kufichwa na kanga.

Kasimu akaja mlangoni. "Dada, wakwe wako wapi? Watu wanauliza, na chakula hakitoshi."

Nikamweleza: mama mukwe yuko njiani, kwa nyumba ya mtu, na mchele.

"Basi nitume pikipiki mbili zilete muchele mbele ya giza."

"Hapana. Uende wewe, umulete yeye. Muchele utakuja kesho."

"Na hawa wakisema?"

"Waache waseme."

Alinitazama, akatoka. Nikasikia pikipiki ikiwaka, ikishuka njia tuliyotokea. Nikamwomba Shangazi aweke maji motoni. Miguu ya mama mukwe wangu inavimba akikaa sana, na pale kwenye nyumba ile sikuona kiti.