Ekzosi Mpya ya Verlin

Masikio ya Oneida yalipoanza kufa, Verlin hakulia. Alinunua ekzosi ya pikipiki yake. Ndivyo alivyoumbwa: tatizo lisiloshikwa na spana hakulijua. Miaka yote mkewe alimsikia akirudi tangu kona ya kanisa, akabandika kahawa. Basi aling'oa mabomba ya asili ya kiwandani, akafunga mawili mafupi, wazi kama koo la mlevi. Labda angesikia tena.

Duane, jirani aliyemsaidia kukaza boliti, alicheka. "Mzee, hii itaamsha wafu wote wa West Virginia, lakini mlimani haivuti. Kwa mabomba mafupi hivi, injini ikizunguka polepole, nguvu hakuna. Angalau rekebisha mafuta kwanza, yaendane nayo."

"Wewe kaza boliti, mdomo uupumzishe."

Daktari alikwisha sema: uvimbe uliokula masikio sasa unaelekea machoni. Kwa hiyo Jumamosi, majani yakiwa mekundu, walipanda kwa pikipiki mlima wao wa kila Oktoba, safari hii ili Oneida auone kwa mara ya mwisho. Waendesha pikipiki waliokuwa wakishuka waliwateremshia vidole viwili, salamu yao ya barabarani. Oneida, aliyeketi nyuma, alijibu kwa niaba ya wote wawili, kama kawaida yake.

Kwenye kona kali Verlin alinyonga mkono wa mafuta. Pikipiki ilinguruma hadi ng'ombe wakainua vichwa, ila kwenda haikwenda. Alirudisha gia ya kwanza. Ikakohoa, ikazima. Mguu wake ukateleza kwenye kokoto, na lile dude zito likawalaza chini taratibu.

Hawakuvunjika. Oneida alikaa pale pale, akimtazama midomo.

"Umeifanya nini?"

"Nimeiongeza sauti. Ili usikie."

"Sauti? Mpenzi, hiyo nilishaizika. Mimi nilikuwa nangojea ule mvuto. Tukitoka kwenye kona, unanisukuma mgongoni. Ndio uliokuwa umenibakia."

Verlin aliyatazama mabomba yake. Hakukuwa na spana ya hilo.

Vijana wawili waliopita waliwainulia pikipiki. Alijaribu tena kupanda; ikazima. Akajaribu tena. Mwishowe Oneida alimgonga bega mara mbili, ishara yao ya kurudi nyumbani.

Waliteremka. Kuteremka hakuhitaji nguvu. Wapandao waliwashushia vidole, na Verlin akasubiri mkono wa mkewe utokee ubavuni. Haukutokea. Ulikuwa umeshika koti lake, umekunja ngumi. Mabomba yalijaza bonde zima kwa mngurumo, na kwenye pikipiki ile aliyeusikia alikuwa Verlin peke yake.