Chai ya Suluhu

Mimi sikai. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na makaa kwenye nyayo, na hata leo, nikiwa na miaka hamsini na tatu, nikiketi mkekani kwa muda wa kuchemka birika moja goti linaanza kutikisika lenyewe. Kazi yangu inanifaa. Soko letu la milimani halikai mahali pamoja: leo lipo hapa Thitkya, kesho lipo Aungban, keshokutwa kwingine, mpaka limeimaliza miji mitano na kuanza upya. Nimelifuata miaka thelathini nikiuza chai ya kuliwa. Chai ya kunywa anauza kila mtu. Yangu ni majani machanga yaliyopikwa kwa mvuke na kufukiwa shimoni miezi mingi mpaka yakachacha, na mteja akiyaonja anafumba jicho moja.

Asubuhi ile ya baridi soko lilikuwa Aungban na mimi sikuwako. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwa Mzee Tha Zan, mkuu wa mtaa wetu hapa Thitkya, nikimtazama dada yangu Ohn ambaye hakutaka kunitazama. Tulikuwa tumeitwa kwa shauri la nyumba ya mama. Kila dakika nilimfikiria Ma Pwa, mshindani wangu, aliyekuwa wakati huohuo amejitandaza mpaka kwenye nafasi yangu na kuwapunja wateja wangu.

Nyumba yenyewe iko juu ya stesheni, kwenye misonobari. Babu alikuwa fundi mawe. Aliwajengea Waingereza nyumba za kulikimbia joto la bondeni, na yale mawe waliyoyakataa kwa sababu ya nyufa akayabeba mgongoni, akajijengea ya kwake. Ndiyo maana hakuna ukuta usio na mstari wa ufa. Katikati ya sakafu kuna duara jeusi pale askari wa Kijapani walipowasha moto wakati wa vita, wakiogopa kutoka nje. Mama alilisugua duara hilo maisha yake yote na halikutoka.

Mama alifariki wakati wa mvua. Hata matanga hayajapoa, mtu wa Mandalay akaja kuiulizia nyumba, anataka kuifanya ya wageni. Dada akasema iuzwe, yeye ahamie kwa binti yake Meiktila, kwenye vumbi na jua, apashe mifupa joto. Mimi nikasema haiuzwi nikiwa hai. Bila sahihi zetu mbili hakuna kinachoendelea, kwa hiyo hakikuendelea kitu. Tukanuniana miezi minne. Nikipita Thitkya nilikuwa nalala kwa Bahadur muuza maziwa, ambaye babu yake aliletwa kutoka Nepali kuchimba njia ya reli, na huyo Bahadur ndiye aliyekuwa akipeleka maneno yetu pamoja na maziwa. Aliniambia siku moja kwamba matusi ya dada yangu yanagandisha maziwa njiani.

Sasa, kwetu mashauri ya mtaani humalizikia kwenye sinia la chai. Mzee akishasikiliza pande mbili anatoa kauli, kisha sinia linafunuliwa katikati: chai ya kuliwa, ufuta, karanga, vitunguu saumu vya kukaanga. Anayekubali anachukua kidogo anakula. Wakila wote wawili, shauri limekufa, na atakayelifufua hataalikwa harusini wala mazikoni. Asiyekubali anaiacha mikono yake mapajani. Hakuna karatasi inayoogopwa mjini petu kama sinia lile.

Dada alieleza kwa ufupi, macho kwenye mkeka. Mimi nilieleza kwa urefu. Nilimtaja babu, nikayataja mawe, nikamtaja Mjapani, nikaona Bahadur, aliyeitwa kuwa shahidi, anapiga miayo ndani ya skafu yake. Mzee Tha Zan, ambaye jino lilikuwa linamsumbua na mkewe alikuwa anamsubiri waende monasteri, alitoa kauli bila kuzunguka: nyumba iuzwe, tugawane nusu kwa nusu. Akafunua sinia.

Nilijisemea moyoni kwamba mikono yangu haitoki mapajani hata kesho. Nilikuwa nachemka. Nikaanza kuhesabu: basi la saa nne limeondoka, la saa sita bado, nikiliwahi nitakuta soko limebaki mabaki. Goti likatikisika. Na harufu ya chai ile ikanipanda puani, nikaitambua papo hapo. Mzee Tha Zan, jirani yangu tangu kuzaliwa, alikuwa amenunua chai ya Ma Pwa.

Hapo akili yangu iliondoka sebuleni. Nilitaka kujua jambo moja tu, yaani mwanamke yule ameweka chumvi kiasi gani safari hii. Mkono wangu, ambao kwa miaka thelathini umeonja kila chai iliyowekwa mbele yake, ukaenda wenyewe, ukachota, ukanitilia mdomoni. Nilikuwa nimeshatafuna mara tatu nilipoona wote wananitazama.

"Ngwe amekula," alisema Mzee Tha Zan. "Ohn, kula na wewe tuondoke."

Nilisema nilikuwa naonja. Alisema sinia la shauri halionjwi. Nilisema chai yenyewe ni ya Ma Pwa, mtu mwenye akili hawezi kuila kwa hiari. Bahadur alijifunika uso wote kwa skafu, mabega yakawa yanaruka. Mimi sikucheka. Nilihisi nyumba inaniponyoka kwa sababu ya vidole vyangu vitatu, na nilijichukia nikiwa bado na chai mdomoni, sijui niiteme au niimeze. Niliimeza.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Dada alikuwa wa kunyoosha mkono tu, na miezi minne ingekuwa imeisha kwa ushindi wake. Nilimwona akilitazama sinia. Vidole vyake vimepinda kwa baridi ya nyumba ile, nami nilikuwa sijaviangalia kwa muda mrefu.

"Sili," alisema.

Mzee Tha Zan alishika shavu lake. "Kauli imekupa wewe ushindi, Ohn. Unakataa nini?"

"Nakataa wizi. Mkono huo naujua tangu ulipokuwa unaiba karanga za wageni nikichapwa mimi. Hapa hakuna aliyekubali kitu."

Ilinipasa kumshukuru. Badala yake, kwa kuwa Mungu hakunipa breki, nilisema kwamba kama ni hivyo basi tuiache nyumba ilivyo, na kila mtu arudi kwake. Ndipo dada aliponigeukia kwa mara ya kwanza tangu matanga.

"Kwako ni wapi, mdogo wangu?"

"Palepale. Kwa mama."

"Siku moja katika tano," alisema. Hakupandisha sauti. "Unafika jioni umelowa, unakuta moto unawaka, maji yamechemka, blanketi limeanikwa. Asubuhi unabeba kikapu chako unaondoka, na mimi nabaki na mama. Miaka kumi na miwili. Unafikiri ni nyumba iliyokuwa inakungoja?"

Nilianza kukunja ncha ya mkeka.

"Nilikuwa nakungoja mimi, Ngwe. Na nimechoka kungoja. Nataka na mimi niondoke mahali."

Sokoni hunishindi hata ukija na ndugu zako wote, lakini pale dada alinishinda. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona woga. Miaka yote nimezunguka milima hii bila wasiwasi kwa sababu kulikuwa na mlango mmoja usiohama. Sasa nilielewa kuwa mlango ule ulikuwa ni mtu, na mtu huyo alikuwa na baridi. Nilitazama chini nikaona goti langu limetulia.

"Meiktila kuna soko?" niliuliza.

"Lipo."

"La siku ngapi?"

"La kila siku. Halihami."

"Watu wa ajabu hao."

Dada alibana midomo asicheke. Nilikaa vizuri, nikanyoosha mkono wa kulia, ule wa kushoto ukiwa umeushika kiwiko kwa heshima, nikachukua majani kwa vidole, nikaongeza karanga mbili na ufuta, nikala. Safari hii nilitafuna polepole ili kila mtu aone. Iliniuma kuimeza kuliko ile ya kwanza. Dada alingoja nimalize, akachukua ya kwake, akala, akakunja uso.

"Chumvi imezidi."

"Ninawaambia tangu asubuhi," nilisema.

Mzee Tha Zan alifunika sinia na kwenda kumtafuta mkewe. Basi la saa sita sikulipanda. Nilipanda kilima na dada, tukaanza kufunga sufuria za mama kwenye magunia, na tulipofika kwenye duara jeusi la sakafuni nikachukua kitambaa nikalisugua, sijui kwa nini. Dada akaniambia niache, litawasumbua wageni wa Mandalay sasa.

Tulitia sahihi, naye akaondoka na treni ya wiki iliyofuata, ile inayoteremka bondeni kwa njia ya kujipindapinda, mara mbele mara kinyumenyume, ikikupitia tena na tena, hivyo unaweza kuiaga mara nne. Nilimuaga dada mara nne.

Siku chache baadaye soko lilirudi Thitkya. Niliuza vizuri kumshinda Ma Pwa, nikafunga kikapu jua likiwa linazama, na miguu ikanipandisha kilimani kwa mazoea yake. Nilifika getini ndipo nikakumbuka. Bomba la moshi lilikuwa baridi na mlango una kufuli jipya la mtu wa Mandalay. Bahadur alikuwa ameniwekea godoro kule chini, nilikuwa najua. Nilitua kikapu hata hivyo, nikaketi kwenye ngazi ya jiwe lenye ufa, na nilikaa pale muda mrefu sana.