Mzigo wa Wimbi

Mparachichi wa Mama Emerance uliangukia ukuta wa mawe meusi, matawi yake yakamwagika hadi uani kwa Mzee Théogène. Mzee aliutazama akiwa barazani, mikono nyuma, kifua mbele. Kwa majuma kadhaa intaneti ya nyumbani kwake ilikuwa ikisuasua, na uso wa binti yake Micheline, aliyeolewa Kisangani na sasa ni mjamzito, ulikuwa ukimfikia vipande vipande.

Yeye ndiye aliyeuhukumu mti ule.

"Redio iliyo juu ya bati hulibebesha wimbi maneno na picha," alikuwa amemweleza jirani yake, kwa sauti ya mtu aliyesoma masomo ya jioni baada ya kazi. "Wimbi likifika na nguvu, linabebeshwa mzigo mkubwa. Likifika limechoka, redio inapunguza mzigo, ndiyo picha zinakatika. Inaitwa modulasio. Mvua hizi majani yako yamezidi, yanalichosha."

"Mie nilijua majani yanashibisha mbuzi tu. Kumbe yanachosha hata hewa!" Emerance alicheka. Kisha akautazama mti, ambao matunda yake aliyauza sokoni Katoyi. "Lakini wewe umesoma, Muzee. Kama ni kwa ajili ya mutoto, tukate."

Kesho yake, mti ukiwa chini, picha ziliendelea kukatika. Théogène akaegemeza ngazi, akapanda. Antena ya redio ile ilikuwa imeupa mgongo mnara wa intaneti, inatazama ziwa.

Hapo akakumbuka. Mlima wa volkano ulipotema majivu, majuma yale, alipanda batini kuyafagia kabla mvua haijayateremsha kwenye pipa la maji. Aliisukuma antena kwa kiwiko apate kufagia nyuma yake, akaiacha hivyo hivyo.

Aibu ilimchoma masikio. Aliigeuza taratibu, kama mwizi anayerudisha kitu. Hakuna aliyemwona. Angeweza kushuka na kunyamaza.

Alipompigia Micheline, Emerance aliingia na beseni la maparachichi mabichi, yaliyoanguka na mti.

"Papa! Leo naona hata mvi za ndevu!" Micheline alipiga kelele za furaha. "Umefanya nini?"

"Ni mti wangu, binti," Emerance alijibu, akiinama mbele ya simu. "Papa yako alisema unazuia, tukaukata. Masomo si mchezo!"

Sifa ile, jana Théogène angeipokea kwa mikono miwili.

"Si mti," alisema.

"Unasema nini, Muzee?"

"Si mti, mama. Antena niliigeuza mwenyewe, nikifagia majivu. Mti wako haukuwa na kosa."

Emerance aliliweka beseni chini. Kicheko kilimkauka usoni.

"Na ukanieleza yote yale," alisema polepole.

Théogène aliikodolea simu macho, akiomba picha ikatike, walau kidogo. Haikukatika. Kule Kisangani, Micheline alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja, na kila kidole chake kilionekana.